Siku Mama Alipopimwa kwa Mizani ya Kahawa

Tabitha hakuwa na baba. Hakuwa na kaka wa kumkatia ng'ombe majani, wala dada wa kupokezana naye ndoo. Hakuwa na mkoba wa shule. Madaftari yake aliyafunga kwa kamba ya mgomba. Hakuwa na viatu vya Jumapili vilivyo tofauti na vya Jumatatu. Hayo yote alikuwa ameyazoea, kama mtu anavyoizoea baridi ya mlimani. Lakini mwaka ule wa 1996, alipokuwa darasa la sita, aligundua kwamba alikosa kitu kingine, na hicho hakukizoea hata kidogo. Hakuwa na jibu. Watu walipomcheka mama yake, Tabitha hakuwa na jibu la kuwapa.

Kila siku aliamka jogoo wa pili alipowika. Aliteka maji kwenye mfongo, mfereji uliopita juu ya kihamba, shamba lao la nyumbani, akamtupia ng'ombe majani, kisha akabandika chungu cha mtori. Mama yake, Ruth, alikuwa amekwisha kuketi kwenye benchi la barazani, sindano mikononi, akifuma masweta ya kijani ya wanafunzi. Nusu ya watoto wa shule ya Kishari walivaa masweta yaliyotoka katika vidole vyake.

Mama alikuwa mnene kupita watu wote wa Kishari. Mlango wa jikoni aliupita kwa ubavu. Kutoka barazani hadi bandani kwa ng'ombe alipumzika mara mbili, akihema. Uso wake ulikuwa duara kama sahani, na miguu yake ilivimba ikifika jioni.

Watu walikuwa na sababu zao. "Anakula usiku, peke yake," walisema wengine. "Anakula urithi wa marehemu mumewe," walisema wengine. Walikuwapo hata waliosema amerogwa. Tabitha, aliyepika kila chungu katika nyumba ile, alijua ukweli. Mama alikula, ndiyo, na siku nyingine njaa ilimbana akaongeza bakuli la pili. Lakini chungu chao kilikuwa kidogo, na hakuna mtu awezaye kula kisichokuwapo.

Msiba wenyewe ulitokea Jumatano moja ya mwezi wa Agosti. Asubuhi hiyo Mama alikwenda zahanati kwa ajili ya pumzi na miguu. Nesi Monica alimpandisha kwenye mizani. Mshale ukakimbia hadi mia moja na ishirini, ukagota pale kama mbuzi aliyefika mwisho wa kamba.

"Mama Tabitha, mizani yangu imeshindwa, si wewe," alisema Nesi Monica. "Nataka nikuandikie barua kwenda hospitali kubwa mjini wakulaze, wakuchunguze. Lakini daktari hukataa barua isiyo na uzito wala orodha ya dawa. Je, kuna dawa unayotumia?"

"Hakuna," alijibu Mama upesi.

"Basi pita pale chama cha ushirika wakupime kwa mizani ya kahawa. Niletee namba, niiandike barua leo."

Nesi alishauri kwa nia njema, lakini alisahau kwamba Jumatano ni siku ya kahawa. Tabitha na mama yake walipofika, foleni ilikuwa imezunguka ghala. Miaka ile wanunuzi binafsi walikuwa wamekwisha kuanza kupanda mlima na malori yao, lakini wakulima wengi wa Kishari walibaki na chama kwa sababu moja tu, nayo ni sauti ya Mzee Elimringi. Karani huyo wa mizani alikuwa na desturi ya kutangaza kila uzito kwa sauti kubwa, ili mkulima asikie, na jirani yake awe shahidi. "Kilo zinazonong'onwa ni kilo zinazoibwa," alipenda kusema.

Mama alipanda juu ya bamba la chuma. Mzee Elimringi akasogeza jiwe la mizani, akakaza macho. Kisha, kwa mazoea ya miaka thelathini, akafungua kinywa.

"Mia moja arobaini na nane!"

Mtu mmoja nyuma ya foleni akapaza sauti, "Karani, toa uzito wa gunia!"

Watu wakaangua kicheko. Walicheka wazee kwa vijana, wakashikana mabega. Brenda, aliyekaa dawati moja na Tabitha, alicheka hadi akachuchumaa. Na Tabitha? Ole wake, Tabitha naye alicheka. Kicheko kilimtoka kabla hajakijua. Alipoinua uso, macho yake yalikutana na macho ya mama yake.

Mama akashuka. Hakungoja karatasi ya namba ya kumpelekea Nesi. Alipanda njia ya nyumbani akipumzika mara saba, wala hakumwegemea mtu.

Tangu siku ile Mama hakutoka nje ya kihamba. Barua haikuandikwa. Wiki ya pili miguu ilivimba hadi magotini. Usiku alilala ameketi, kwa sababu akijilaza pumzi ilimkatika. Tabitha aliyasikia yote hayo kutoka kitandani mwake, na kila pumzi ilimchoma kama mwiba.

Siku ya Alhamisi Mama akamwita, akampa noti iliyokunjwa. "Nenda duka la dawa la sokoni, uniletee vile vidonge vyangu vyeupe. Na kama kawaida, usimwambie mtu."

Tabitha alikuwa akitumwa vidonge hivyo tangu alipokuwa darasa la tatu. Maduka ya dawa yalikuwa yamechipuka kama uyoga, na mwenye duka hakuuliza cheti cha daktari. Alihesabu vidonge, akavitia katika bahasha ndogo ya kaki, akapokea pesa.

Alipokuwa akirudi, Brenda na wenzake walikuwa wameketi kwenye ukingo wa mfongo.

"Tabitha, mama yako wamemuuza gredi gani?" aliuliza Brenda.

"Hajauzwa bado," alidakia mwingine. "Wanasubiri lori kubwa!"

Tabitha akafumbua kinywa. Hakikutoka kitu. Alikaza mwendo huku machozi yakimlenga, na nusura ampige kikumbo mzee mmoja aliyesimama njiani na fimbo yake. Alikuwa Mzee Elimringi, na alikuwa amesikia yote.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mama hajambo?"

Labda ni uchungu uliompa ujasiri. "Hajambo kidogo, babu. Halali, na hatoki. Babu, kwa nini ulitangaza?"

Mzee alikohoa. "Mjukuu wangu, mimi hutangaza uzito wa kila mtu. Hata wa kahawa yangu mwenyewe. Ndiyo haki yenyewe."

"Lakini mama hakuja kuuza kitu."

Mzee Elimringi alitazama fimbo yake kama mtu anayesoma kitu kilichoandikwa juu yake.

"Umesema kweli," alisema hatimaye. "Na mimi mzee mzima sikuiona. Sikiliza. Kesho saa kumi jioni ghala halina mtu. Nitafungua mlango wa nyuma. Mwambie mama kwamba Elimringi anamwomba radhi, na kwamba kesho karani atakuwa bubu."

Tabitha alifika nyumbani akampa mama yake bahasha. Alitaka kumwambia habari za mzee, lakini aliona kwamba kuna neno lililopaswa kutangulia.

"Mama, siku ile nilicheka."

Sindano za Mama zikasimama. "Nilikuona."

"Niliogopa wasije wakanicheka na mimi. Nisamehe, Mama."

Mama alisogea kwenye benchi, nalo likalia, akampa nafasi binti yake. Tabitha akaketi. Wakakaa hivyo, bega kwa bega, wakisikiliza maji ya mfongo.

"Hata mimi niliogopa," alisema Mama. "Nilimwambia Nesi situmii dawa. Baba yako alipofariki, viungo viliniuma hata sikuweza kushika sindano, nikakonda nikabaki mifupa. Watu wakaanza kuninong'ona. Unajua siku hizi mtu akikonda wanasema nini. Walisema nimeupata ugonjwa wa kisasa. Waliacha hata kunywa maji nyumbani kwetu. Ndipo nikaambiwa kuhusu vidonge hivi. Mae! Siku tatu tu, maumivu yakaisha. Mwili ukajaa, watu wakanisifu, 'Ruth, sasa umependeza!' Nikaogopa kuviacha, yasije yakarudi yale manong'ono. Mwanangu, nilipokonda walinisema. Niliponenepa kidogo walinisifu. Niliponenepa zaidi wananicheka. Sijui wanataka niwe na mwili gani."

Tabitha akamweleza ujumbe wa Mzee Elimringi, kisha akaitazama ile bahasha ya kaki. "Mama, daktari anataka orodha ya dawa. Tusipoiandika, atatibu asichokijua."

Mama akaikunja bahasha, akaitia katika mfuko wa sweta. "Kesho tutakwenda nayo."

Ijumaa saa kumi mlango wa nyuma wa ghala ulikuwa wazi. Mzee Elimringi alisimama kando, kofia mkononi. Tabitha alikuwa amempitia Nesi Monica, naye alikuwapo. Mama alipanda juu ya bamba. Mzee akasogeza jiwe, akatazama, akaandika katika kipande cha karatasi. Akakikunja mara mbili, akampa Mama mkononi mwake. Hakuna sauti iliyosikika ila ya njiwa juu ya paa la mabati.

"Ahsante, baba," alisema Mama.

"Nisamehe, mama," alijibu mzee.

Ndipo Mama akatoa ile bahasha. Nesi Monica alimwaga kidonge kimoja kiganjani, akakigeuza. Uso wake ukabadilika.

"Umekula hivi kwa muda gani?"

"Mwaka wa tatu."

"Kila siku?"

"Kila siku."

Nesi akaketi juu ya gunia. "Mama Tabitha, hii ni dawa ya kweli, na mkononi mwa daktari huokoa maisha. Lakini huliwa kwa kipimo. Ikiliwa miaka bila kipimo, huchochea njaa, hukusanya maji mwilini, hujaza mafuta usoni na tumboni, huku misuli ikipungua nguvu. Watu wamekulaumu bure kwamba ni mdomo wako."

"Kwa hiyo nisile tena kuanzia leo?"

"Hapana! Usiviache ghafla, ni hatari. Mwili umevizoea. Daktari ndiye atakayevipunguza kidogo kidogo. Na wala sisemi ni vidonge peke yake. Ukoo wenu una miili mikubwa. Marehemu bibi yako nilimfahamu. Tena tangu upate aibu hutembei. Hayo yote huchangiana. Kwa mwingine kisa ni tezi za mwili, kwa mwingine ni mafuta na soda, kwa mwingine ni huzuni. Ndiyo maana mtu hapimwi kwa macho ya watu njiani."

Jioni ile, mezani kwao, Nesi Monica aliandika barua kwa daktari. Alipofika kwenye orodha ya dawa, alimpa Tabitha kalamu. "Wewe ndiwe uliyetumwa dukani. Andika kweli tupu: dawa gani, vingapi kwa siku, tangu lini." Tabitha akaandika kwa mwandiko wake bora, bila kuficha hata kidonge kimoja. Mama akaitia barua katika bahasha pamoja na kile kipande cha karatasi kilichokunjwa.

Barua za Kishari zilipitia kwenye mfuko wa barua wa chama, uliochukuliwa na lori la kahawa kila Jumatano. Kwa hiyo Jumatano Tabitha alikwenda ghalani na barua yake, na foleni ilikuwa ndefu kama siku ile. Alipofika mbele, ile sauti ya nyuma ya foleni ikamwuliza, "Binti, mama amefika kilo ngapi sasa?"

Wachache wakaanza kucheka. Tabitha akageuka. Sauti ilimtoka wazi.

"Mama ni mgonjwa, na anakwenda kutibiwa. Siku ile hata mimi nilicheka. Nimemwomba radhi mama yangu. Na wewe, mjomba, sweta la mwanao alilifuma nani?"

Yule mtu akainamisha kichwa. Brenda, aliyekuwa na baba yake kwenye foleni, alivuta mkono wa sweta lake la kijani, akalitazama kana kwamba amelivaa leo kwa mara ya kwanza. Kisha akaja akasimama karibu na Tabitha.

"Akienda mjini," alisema kwa sauti ndogo, "nitakusaidia majani ya ng'ombe."

Mzee Elimringi akaacha mizani, akasimama mbele ya watu.

"Ndugu zangu, mizani hii nimeitumikia miaka thelathini, na haijapata kumdanganya mkulima. Lakini inajua jambo moja tu, uzito. Haijui mtu ameumwa nini, wala amezikwa nani, wala analala vipi. Sisi tulisoma kilo tukadhani tumesoma mtu. Kosa la kwanza lilikuwa langu. Na ninyi watoto, shikeni hili: mwili wa mwenzako si mzaha, na dawa si peremende. Ukiumwa, mwone mganga wa hospitali, umwambie kweli yote, kwa sababu ugonjwa uliofichwa hauna dawa. Aliyetuamsha sisi wazee ni mtoto huyu, kwa kusema kweli, akianza na kosa lake mwenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mwanamke mmoja alipangusa macho kwa ncha ya kanga.

Mzee akaleta kopo la gundi. Tabitha akapaka ukingo wa bahasha, akaukunja, akaukandamiza kwa kiganja hadi ulipokauka. Mzee akagonga muhuri wa chama juu ya kifuniko, akaitumbukiza barua katika mfuko wa turubai, akakaza kamba.

Lori likaunguruma. Tabitha na Brenda walisimama barabarani wakilitazama likishuka kati ya migomba, likielekea mjini Moshi na barua yao, hadi vumbi lake lilipotulia.