Mchungwa wa Mzee Shomari Ndani ya Ndoo

Kila asubuhi, kabla ya kukaa kwenye cherehani yake, Zuwena alimwagilia mchungwa. Alijaza kopo kubwa, akamimina maji taratibu, akasimama kidogo kuutazama. Jioni alifanya hivyo tena. Mchungwa wenyewe ulikuwa mdogo, haukumfika kiunoni. Ulikaa ndani ya ndoo ya plastiki barazani, chini ya bati, katika nyumba ya kupanga kule Bagara, mjini Babati.

Mume wa Zuwena aliendesha lori, na binti yao Najma alisoma shule ya bweni. Siku nyingi nyumbani walikuwa wawili tu, Zuwena na mama yake, Bibi Mosi. Magoti ya Bibi Mosi yalikuwa yamechoka. Alishinda barazani, karibu na ile ndoo.

Mchungwa ule haukununuliwa sokoni. Baba yake Zuwena, mzee Shomari, alikuja Babati akiwa kijana kutoka Muheza, akafungua duka la vitenge. Nyuma ya nyumba yake, kule Nangara, alipanda mchungwa. Msimu wa machungwa ulipofika, alifunga duka mapema, akaketi uani na kisu chake, akawamenyea Zuwena na kaka yake Sele. Alimenya huku akiwauliza habari za shule. Aliyejibu vizuri na aliyekosea walipata sawasawa. Harufu ya maganda ilibaki mikononi mwao mpaka wakati wa kulala, na Zuwena alilala ameweka kiganja karibu na pua.

Mzee Shomari alifariki, na nyumba ikauzwa. Mwenye nyumba mpya alitaka kujenga vyumba vya biashara pale uani, kwa hiyo mti ulikatwa. Sele aliwahi kufika kabla ya msumeno. Akachukua vijiti vichache, akampelekea fundi wa kubebesha miche. Kati ya vijiti vyote, kimoja tu kilishika. Ndicho hicho kilichokuwa ndani ya ndoo. Kikifa, mchungwa wa mzee Shomari umekwisha.

Na ulikuwa unakufa.

Majani yalianza kuwa ya njano, kisha yakaanguka moja moja. Zuwena akaongeza maji. Akatia majani ya chai. Akausogeza ukutani usipigwe na jua. Majani yakazidi kuanguka. Kitu kimoja tu kilimpa moyo. Chini kabisa ya shina lilitoka tawi jipya, nene, la kijani kibichi, lenye miiba mirefu. Lilikua haraka, likaupita mti wenyewe kwa urefu. Zuwena alimwambia mama yake kwamba mti umepata nguvu mpya. Bibi Mosi alilitazama lile tawi, akasema kwamba hakumbuki miiba mirefu namna ile.

Wiki hiyo alikuja jirani yao Evelyne, Mama Careen, kupunguziwa sketi ya mwanawe. Evelyne alikuwa mwenyeji wa Moshi, na alifanya kazi kwenye kitalu cha miche upande wa Mutuka. Alimwamkia Bibi Mosi, akaketi kungoja. Macho yake yakaenda kwenye ndoo. Aliuliza mti unamwagiliwa mara ngapi. Zuwena alijibu kwa fahari kwamba ni mara mbili kwa siku, bila kukosa. Evelyne akainama, akainua ndoo upande mmoja. Ilikuwa nzito kama jiwe. Chini hapakuwa na tundu hata moja, na udongo ulinuka kama tope la mfereji.

"Mama Najma," alisema, "mti huu haukosi maji. Unazama. Mizizi inataka maji, lakini inataka na hewa. Ukiijazia maji kila siku, na maji hayana pa kutokea, inaoza. Mizizi ikioza, majani yanakuwa ya njano."

Zuwena aliacha kushona. Akasema kwamba mti hauwezi kuwa unakufa wakati una tawi zuri namna ile.

Evelyne alichuma jani moja kutoka kwenye tawi lenye miiba, akalisugua vidoleni.

"Funga macho. Nusa."

"Limau," alisema Zuwena.

Evelyne akachuma jani lingine, dogo la njano, kutoka juu. Akalisugua. Zuwena alinusa. Mara moja alikuwa tena Nangara, na mikono ya baba yake ilikuwa mbele ya uso wake.

Evelyne akamweleza polepole. Fundi wa kubebesha hupanda kwanza mche wa mlimau, kwa sababu mizizi yake ni imara. Kisha huukata, akaunganisha juu yake kijiti cha mchungwa. Alimshika Zuwena kidole, akakipitisha kwenye shina mpaka kwenye kovu lililovimba kidogo. Juu ya kovu ni mchungwa. Chochote kinachochipua chini ya kovu ni mlimau, nao hula chakula chote.

"Ukiliacha hilo tawi, litaumaliza mchungwa," alisema. "Utabaki unamwagilia mlimau. Likate."

"Ndilo pekee lenye uhai. Nikilikata, kitabaki nini?"

"Utabaki mchungwa wa baba yako. Mgonjwa, lakini wake."

Zuwena alisema atafikiri. Siku mbili alilizunguka lile tawi bila kuligusa. Siku ya tatu aliokota majani matano sakafuni. Akavuka ua, akamgongea Evelyne mlango.

Jumamosi walifanya kazi pamoja. Evelyne alikiosha kisu kwa sabuni na maji ya moto, ili kisitie ugonjwa kwenye kidonda cha mti, akampa Zuwena mwenyewe. Zuwena alilikata tawi hapo hapo lilipoanzia, bila kuacha kisiki, maana kisiki huchipua tena. Mti ulibaki umekonda, wa kuhurumiwa.

Kisha waliung'oa kwa upole. Mizizi mingi ilikuwa myeusi na laini. Waliikata hiyo, wakaiacha iliyo myeupe na migumu. Evelyne alileta ndoo kubwa zaidi, kuukuu, wakaitoboa matundu chini kwa msumari uliochomwa motoni. Walichanganya udongo mzuri wa shamba, mchanga kidogo, na samadi ya ng'ombe iliyooza mpaka ikapoteza harufu. Samadi mbichi huunguza mizizi. Walipanda mti huku kovu likibaki juu ya udongo kwa upana wa kiganja. Ndoo wakaiweka juu ya matofali ili maji yapite, na baada ya wiki moja ya kuuzoesha, wakaupeleka uani kwenye jua.

Evelyne alimwambia asahau habari ya asubuhi na jioni. Kila siku achomeke kidole kwenye udongo. Kidole kikitoka na unyevu, asimwagilie. Kikitoka kikavu, amwagilie mpaka maji yatokee chini.

Mwezi ule mti ulipukutisha karibu majani yote. Yalibaki manne. Zuwena aliona ameua mti wa baba yake kwa mkono wake, na alilia jikoni ili mama yake asimwone. Evelyne alikuja, akakwaruza gome kwa ukucha. Chini yake palikuwa na kijani. Akasema wangoje.

Walingoja. Mvua za Novemba ziliponyesha, vichipukizi vilitokea juu ya kovu, vidogo kama punje za mchele. Zuwena alivihesabu kila siku. Viwavi wanaofanana na kinyesi cha ndege walipokuja kula majani machanga, aliwaokota kwa mkono. Kila alipoona chipukizi chini ya kovu, alilikwanyua lingali changa. Mwaka uliofuata mti ulitoa maua, na Evelyne akamtaka ayaondoe yote, kwa sababu mti ulikuwa bado mdogo kubeba matunda. Zuwena aliyaondoa, ingawa moyo ulimuuma.

Mwaka wa tatu waliyaacha. Yakaiva machungwa manne.

Sele alikuja Jumapili, na Evelyne akaitwa. Zuwena alimenya la kwanza, akampa mama yake. Bibi Mosi alitafuna taratibu sana.

"Lina ukali kidogo," alisema. "La baba yenu lilikuwa tamu zaidi."

Evelyne akasema matunda ya kwanza ya mti mdogo huwa hivyo, na utamu huongezeka mti ukikomaa. Bibi Mosi akatikisa kichwa, akacheka.

"Hata wake ulianza hivyo. Mlikuwa hamjazaliwa. Alionja la kwanza, akatema, akaenda kuchukua panga. Nikamwambia, Shomari, uache mwaka mmoja tu, kwa ajili yangu. Akauacha. Alikuwa hapendi niwaambie."

Sele na Zuwena walitazamana. Habari hiyo hawakuwahi kuisikia. Walikula yale machungwa yote manne jua likiwa bado juu, huku mama yao akiendelea kusimulia, na kila walipodhani amemaliza, alikumbuka jambo lingine.