Pumzi ya Ubwa

Mpendae. Jumanne, asubuhi.

Suhaib alikaza komeo la chumba cha nyuma. "Onesha."

Radhiya aliuzamisha mfuko wa mpira ndani ya pipa la maji. Chini yake alikuwa amefunga kikopo kilichozibwa kwa gundi. Ndani mlikuwa na betri, saa ndogo na koili aliyoing'oa kwenye mashine mbovu ya kufulia. Wakangoja. Koili ikavuta kitasa. Springi ikafyatuka. Sindano ikatoboa kimtungi cha gesi, saizi ya kidole gumba. Mfuko ukavimba, ukaruka juu.

"Mwanzo sindano ilikuwa inaganda kwenye tundu, gesi haitoki," Radhiya alisema. "Nikaichonga mfereji kwa tupa."

"Dada yangu huyo!" Ubwa alipiga makofi. Alikuwa mdogo wake, baharia wa boti ya Suhaib. Kesho boti hiyo ingepeleka dhahabu ya biharusi mmoja tajiri hotelini, kisiwani.

Suhaib hakucheka. Ndiye nahodha. Ndiye mchumba wa Radhiya pia.

"Skizeni. Tukifika nje ya Mtoni, Ubwa unalifunga sanduku kwenye mfuko kwa kamba, unaruka nalo, unaliachia lizame. Mimi napiga kelele za mwizi. Wakutafute wewe. Alasiri mfuko unaibuka, mimi na Radhiya tunauokota."

"Na mimi? Mbona sijui kuogelea vile?"

Radhiya alimvisha jaketi la kuokolea, jembamba, la kufichika ndani ya shati. Kazi yake ilikuwa kutengeneza majaketi hayo ya watalii. "Ukishaachia sanduku, vuta kamba hii. Litajaa lenyewe."

Vimtungi vizima vilikuwa viwili tu. Kimoja cha mfuko. Cha jaketi la Ubwa alikitia tone la rangi nyekundu ya kucha, kisije kikachanganywa. Mfuko ulikuwa na matundu mawili ya vimtungi, kila moja na sindano yake; la pili likabaki tupu.

Jumatano. Baada ya adhuhuri.

Radhiya alikaa ufukweni Mtoni na nguo kavu za Ubwa mapajani. Aliiona boti ikisimama. Alimwona mtu akiruka.

Hakumwona akiibuka.

Alasiri.

Suhaib, polisi walipomaliza kumhoji, alikuja na mashua ndogo ya mashine.

"Ubwa hajafika," Radhiya alisema.

"Kajificha. Panda."

Walizunguka pale boti iliposimama. Mara mfuko ukatokeza, umejaa mpaka unang'aa. Radhiya aliukamata, akaupindua. Sindano zote mbili zilikuwa zimetoboa. Kwenye tundu la pili, kimtungi chenye tone jekundu.

Alimgeukia Suhaib.

"Ulikitoa lini kwenye jaketi lake?"

"Radhiya…"

"Lini, Suhaib?"

"Asubuhi. Sanduku lilikuwa zito kuliko nilivyoambiwa. Mtungi mmoja usingeliinua."

"Ungemwambia."

"Angejua, asingeruka." Sauti yake ikashuka. "Nlifanya kwa ajili yetu. Harusi yetu."

Kisu cha nyavu kilikuwa chini, ndani ya mashua. Radhiya alikiokota, akauchana mfuko mara moja, toka juu mpaka chini. Gesi ikafoka. Sanduku likavuta kamba, likaenda zake. Suhaib alijitupa kulifuata.

Alipoibuka mikono mitupu, akikohoa, mashua ilishakuwa mbali. Radhiya alikuwa na simu sikioni.

"Njooni Mtoni. Nahodha yuko majini. Na mdogo wangu yuko chini, njooni na wapiga mbizi." Akaongeza: "Mimi ndiye niliyeutengeneza mfuko."

Wapiga mbizi walimtoa Ubwa kabla ya magharibi. Kamba ya jaketi alikuwa ameivuta mpaka imekatika. Kipande kilikuwa bado ndani ya ngumi yake.

Alhamisi.

Radhiya hakuruhusiwa kwenda mazikoni. Wazee wao walishatangulia mbele ya haki, ndugu mwengine hawana. Baada ya adhuhuri askari wa kike alimletea chai mahabusu.

"Kashazikwa, Bi Radhiya. Mola amrehemu."

"Nani kashuka naye kaburini?"

"Watu wa msikitini. Wapita njia."

"Walimwita jina lake?"

Askari alikiweka kikombe chini, taratibu.

"Hawakulijua," alisema.