Trela Lililochomoka Mlimani

Mwili wa mama mshonaji ulikuwa umebanwa kati ya cherehani yake na ukuta wa duka. Trela lililomuua lilikuwa limepanda barazani na kulala upande, mchanga wake umemwagika mpaka ndani na kufunika vitambaa. Sare ya shule ya mtoto wa mtu ilikuwa bado chini ya sindano.

Inspekta alisimama akatazama. Alikuwa mwanamke mfupi, si mwepesi wa maneno, na miaka yote ya kazi haikuwa imemzoesha kumwona mtu ameuawa akiwa ameketi kwake, anafanya kazi yake, hana habari na mtu.

"Mwendo kasi, afande," alisema koplo wa trafiki. "Dereva tunaye kituoni, na ameshakubali kosa."

Inspekta aliinua macho akaifuata barabara. Pikapu iliyokuwa ikilivuta trela ilikuwa imesimama kule juu, pua yake ikielekea kileleni.

"Alikuwa anapanda mlima?"

"Ndiyo, afande."

"Na nyuma kuna mchanga na mashine ya kuchanganyia zege?"

"Ndiyo, afande."

"Haya niambie. Huo mwendo kasi aliutoa wapi?"

Koplo alifunga daftari lake.

Inspekta alipanda mpaka kwenye pikapu, akapiga magoti nyuma yake. Springi zilikuwa zimeongezewa vyuma mpaka mkia wa gari umenyanyuka juu. Chuma cha kufungia trela kilikuwa kimechomelewa kwenye chesi ya gari kwa mabonge mabonge, na sasa kilikuwa kimekatika vipande viwili, kimoja hapa, kingine kimekwenda na trela.

"Vyote viwili vipelekwe maabara," aliagiza. "Na mtu asivifute hata vumbi."

Mwenye pikapu alijulikana mtaa mzima kwa jina la Bingwa, kwa kuwa hakuna kazi ambayo hakusema anaiweza. Ua wake ulikuwa umejaa jeki, matairi, na mashine ya kuchomelea iliyofunikwa turubai. Alimfungulia Inspekta geti mwenyewe.

"Karibu, afande. Pole na kazi. Hawa vijana watatumaliza."

"Pikapu aliitengeneza nani ivute mizigo ile?"

"Mimi, hapa hapa nyumbani! Springi mimi, taa mimi, chuma cha nyuma mimi. Gereji wana nini nisichokuwa nacho? Ila dereva ni mdogo wangu, tumbo moja. Nilimwambia, taratibu, taratibu. Masikio hana."

"Trela huwa na minyororo ya kulishika chuma kikikatika. Ya kwako iko wapi?"

"Ilikuwepo. Pengine ameitupa."

Inspekta alishika mnyororo mnene uliokuwa ukining'inia kwenye geti. Ulikuwa na ndoano kila ncha. Mwenzake ulikuwa umezungushwa kwenye nguzo ya pili.

"Na hii?"

Bingwa alicheka kidogo. "Ah, hiyo! Ilikuwa inapiga makelele barabarani. Nikaona bora inizuilie wezi."

"Kwa hiyo matairi yako yalikuwa salama," alisema Inspekta. Bingwa aliacha kucheka.

Mtaalamu wa maabara alikuwa ameviweka vile vipande chini ya taa.

"Afande, ufa huu si wa siku ya ajali. Upande huu unang'aa, ndio uliokatika mlimani. Huu mwingine una kutu. Na ndani yake nimekuta puti, ile ya kuzibia mabodi ya magari. Mtu ameujaza ufa, akapiga msasa, akapaka rangi nyeusi juu."

"Puti inaweza kushika mzigo?"

"Puti? Haishiki hata mlango wa kabati." Akakigeuza kipande. "Kwa ndani msasa haukufika. Tazama hapa. Alama ya kidole, imekauka humo humo."

Inspekta aliinamia alama ile. Kusahau ni jambo moja. Huyu alikuwa ameketi, akaupamba ufa.

Kijana dereva aliletwa chumba cha mahojiano, macho mekundu.

"Kosa ni langu," alisema kabla hajaulizwa.

"Puti uliweka wewe?"

"Puti gani?" Alishtuka. "Kaka alisema ni rangi tu..."

"Endelea."

"Afande, kaka ndiye aliyenilea. Baba alifariki mimi hata meno sijaota."

"Sikukuuliza nani alikulea. Ufa uliuona?"

Alilia kwanza, kisha akasema. "Niliuona naosha gari. Nikamwambia, kaka, hiki chuma hakifai tena, twende gereji. Akanifokea mbele ya shemeji. Baadaye nikakuta rangi mpya, akaniambia haukuwa ufa, ni rangi tu ilikuwa imebanduka, chuma hiki hata tembo kinamvuta. Nikamwamini."

"Basi mbona umebeba kosa?"

"Alikuja hapa kituoni mara tu nilipoletwa. Akasema, mdogo wangu, usukani uliushika wewe. Nikaona ni kweli."

Inspekta alisukuma kiti akatoka, maana alihofia atakalosema.

Alama zao wote wawili zilichukuliwa. Ya kijana haikulingana. Bingwa aliitwa, akaketi mahali pale pale alipoketi mdogo wake.

"Kidole gumba cha kulia," alisema Inspekta. "Chako."

"Nilikuwa napaka rangi tu, afande."

"Puti si rangi. Ulijua pana ufa?"

Bingwa alikitazama kidole chake.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Mashine ya kuchomelea unayo uani. Kwa nini hukuchomelea?"

Bingwa aliinamisha kichwa. "Angeona."

"Nani?"

"Mdogo wangu. Angejua kazi yangu ilikuwa mbovu na yeye ndiye aliyeigundua. Mimi ndiye niliyemfundisha kushika spana! Leo anisahihishe mbele ya mke wangu? Nikasema nizibe kwanza, nitachomelea siku ambayo hayupo."

"Na wakati unasubiri, ukamkalisha yeye kwenye usukani."

"Sikutaka mtu afe."

"Hukutaka kuonekana umekosea. Mama wa watu amekufa kwa hilo. Halafu ukaja kumtwika mzigo aliyekuonya!" Sauti ya Inspekta ilipasua chumba, na askari mlangoni akasimama wima. "Andika maelezo yako. Shtaka ni kuua bila kukusudia, na la kupotosha uchunguzi litafuata. Andika."

Akaandika.

Inspekta alikwenda mwenyewe kumfungulia kijana.

"Uko huru. Utaitwa kama shahidi."

"Kaka amesemaje?"

Angeweza kumficha. Alimweleza yote, neno kwa neno.

Kijana alibaki amesimama, mkanda wa suruali aliorudishiwa uko mkononi.

"Alinionea haya mimi?" aliuliza. "Si angeniambia tu, afande? Mimi ningemshikia taa, akachomelea."