Safu Iitwayo Hali

Kabla kikombe cha chai hakijapoa, Wakala-Tiba wa hospitali kuu ya jiji la Itamba alikuwa ameshahudumia wodi nzima. Hakuwa mtu. Alikuwa akili unde isiyo na mwili, yenye mikono-tabibu mia mbili ya chuma iliyoning'inia juu ya vitanda. Kila alipotaka kujua jambo la mgonjwa, alituma swali kwenye kanzidata, ghala la taarifa zilizopangwa kwa safu, kupitia chombo-ulizi. Chombo hicho kilikuwa na waraka wa maelezo, unaomwambia wakala kila safu ina nini ndani. Kuhusu wagonjwa wa Itamba na namna wanavyosema, wakala hakujua lolote zaidi ya yaliyoandikwa humo.

Ndiyo maana wakawekwa wakaguzi wa nyaraka. Mhandisi Subilaga Mwakatobe alikuwa mmoja wao, na asubuhi hiyo aliingia ofisini kwa mkuu wake, Ambakisye, akiwa amefura.

"Sista Atupele anafukuzwa kazi leo," alisema bila kuketi. "Kwa kosa gani?"

"Alikuwa zamu. Mkono umemchoma mtoto wa miaka sita dozi ya mtu mzima, siku nne mfululizo. Angeuzuia."

"Ana vitanda themanini, mzee. Na huu waraka umeusoma?" Akauweka mezani. "Safu hii inaitwa Hali. Maelezo yake ni maneno matatu, hali ya mgonjwa, na mfano mmoja, 'mzima'. Basi. Mtoto alipopelekwa kliniki kupimwa uzito, kabla hajaugua, karani aliandika 'mzima', yaani haumwi. Wakala akasoma 'mzima', akaelewa mtu mzima. Angejuaje? Nani alimwambia?"

Jambo hili linaudhi, na hakuna namna ya kulisema kwa upole. Sentensi moja ingetosha: safu hii inataja afya, si umri. Ni kazi ya dakika mbili. Haikuandikwa, na sasa Tusekile, binti aliyekuwa akiimba kwaya ya watoto kila Jumapili, hasikii tena kwa masikio yote mawili. Dawa ile ikizidi huua mishipa ya usikivu, na ikishakufa hairudi.

"Na wakala aliuliza," Subilaga aliendelea. "Nimeona kumbukumbu. Mara kumi na moja ametuma swali, 'mzima' maana yake nini. Maswali yakaenda kwenye kikapu ambacho hakuna anayekifungua, kwa sababu waraka ulishapewa cheti. Nataka jina la mkaguzi aliyeupitisha uchafu huu. Huyo ndiye wa kufukuzwa."

Ambakisye aligusa kioo cha mezani na kukigeuzia upande wa Subilaga.

Alama tisini na nne kwa mia. Maoni: "Maelezo mafupi, yanaeleweka." Chini yake, S. Mwakatobe, mwezi wa pili.

Subilaga aliketi. Wiki ile alikuwa na nyaraka sitini. Alisoma "hali", akasoma mfano wake, "mzima", na hakusita hata kidogo. Angesitaje? Tangu utotoni aliulizwa hali kila asubuhi na kujibu kwa neno hilohilo. Alikagua kana kwamba yeye ndiye atakayeutumia waraka. Hakuwahi kumpa wakala ausome mbele yake, aone atapotelea wapi.

"Ndiyo maana nilinyamaza," Ambakisye alisema taratibu. "Mwache nesi aondoke, yaishe. Atapata kazi kwingine. Wewe tunakuhitaji."

"Yaishe kwa nani?"

Hasira aliyoingia nayo ilikuwa palepale, ila sasa ilikuwa na mwenyewe. Aliivuta taarifa ya tukio kwenye kioo, akalifuta jina la Atupele, akaandika la kwake na kuituma kabla mkuu hajanyanyuka. Kisha akashuka wodini.

Mama yake Tusekile alikuwa akikunja kanga kando ya kitanda. Subilaga alijitambulisha, akamweleza yote, hadi zile alama tisini na nne.

"Naomba unisamehe, mama."

Mama hakupaza sauti. "Mimi nasikia, dada. Mwombe mwenyewe."

Tusekile alikuwa ameketi kitandani, macho ameyakaza kwenye midomo ya mgeni, akisubiri aseme.