Kiu Iliyotoka Chooni

Msusi ndiye aliyekuwa wa kwanza kugundua kwamba nyumba imenyamaza.

Choo cha zamani kilikuwa kinavuja tangu alipoolewa humo. Mchana kutwa, usiku kucha, tangi lake lilisema ssss kama mama anayebembeleza mtoto, na maji yakateremka kidogo kidogo bila mtu kuyavuta. Katika mtaa ambao maji huja kwa mgao, huo ulikuwa wendawazimu. Mumewe, fundi saa, mtu asiyependa kitu kinachopotea bure, akaleta choo kipya cha kubana maji, chenye kitufe kidogo cha haja ndogo na kikubwa cha haja kubwa. Fundi bomba aling'oa kile cha zamani, akakivunjavunja kwa nyundo uani, akafunga kipya na kukipigapiga mgongoni kama mtu anayeuza ng'ombe.

"Kile kilikuwa kinakunywa kama tembo, mama," alimwambia msusi. "Hiki kinakunywa kama ndege."

Mamamkwe alichungulia, akasikiliza ule ukimya. "Sasa mtu akiingia humu itabidi aimbe," alisema, na wote wakacheka.

Kesho yake mamamkwe alitoka chumbani amekunja uso, meno yake ya bandia mkononi. Bilauri alimoyalaza ilikuwa kavu.

"Nani kanywa maji ya meno yangu?"

Msusi alicheka hadi akashika tumbo, kwa maana mimba yake ilikuwa imefika ukingoni na kicheko kilimuuma. Lakini siku hiyohiyo alijaza birika, akalibandika, na alipogeuka kuchukua majani ya chai alisikia bati lake likialika kwa moto. Ndani hamkuwa na tone. Alijiambia labda alisahau kujaza. Mjamzito husahau.

Lakini yaliyompata mteja wake wa mchana hayakuweza kusahauliwa. Alikuwa ameinamisha kichwa kwenye beseni sebuleni, povu limejaa nywele, na msusi akamwagia jagi zima la maji. Maji yalitoka kwenye jagi. Hayakufika kwenye beseni. Povu likageuka unga mweupe, likadondoka mabegani mwa yule mwanamke, na sebule ikajaa harufu ya udongo uliofukuliwa sasa hivi kutoka chini kabisa. Kisha kutoka chooni, ambako hakukuwa na mtu, wakasikia gudu, gudu, gudu, mlio wa koo linalomeza kwa pupa.

"Dada," mteja alinong'ona bila kuinua kichwa, "kuna nani humo ndani?"

"Hakuna mtu."

Mteja alifunga kilemba juu ya ule unga akaondoka, na hakurudi tena.

Msusi alisimama mbele ya mlango wa choo kwa muda, jua la adhuhuri likiwaka dirishani, watoto wa jirani wakigombana nje kama siku zote, akausukuma. Bakuli la choo lilikuwa kavu. Alibonyeza kitufe kikubwa, akaona maji yakitoka ukingoni na kuishia hewani kabla ya kugusa chini, na kutoka kwenye lile tundu pumzi ya joto ikapanda, ikamgusa magoti, ikapanda tena taratibu kama mtu anayepapasa gizani kutafuta mlango, mpaka ikafika tumboni, na hapo ikatulia, na alihisi juu ya ngozi yake, chini ya nguo, kitu kikavu chenye kukwaruza kikipita mara moja kutoka upande hadi upande, ulimi, ulimi wa mnyama anayeonja. Mtoto ndani akajikunyata.

Alirudi kinyumenyume hadi kwa mamamkwe, akamkuta amelala sakafuni, midomo imepasuka, anahema kwa shida.

Fundi saa alileta mganga siku hiyohiyo, mwanamke aliyevaa kama karani wa benki, na mkoba wa ngozi. Mganga hakuwasha kitu wala kuimba. Alikaa sakafuni akashika mkono wa mamamkwe.

"Wewe uliye humu, ulikuwa unakaa wapi?"

Sauti iliyojibu ilipitia kinywa cha mamamkwe, lakini ilikwaruza kama mchanga kwenye sufuria. "Tunduni humu, kwa watu wema. Waliniachia maji."

"Sasa unataka nini?"

"Maji."

"Yapi?"

Macho ya mamamkwe yakageuka polepole, yakapita uso wa mwanawe, yakatua kwenye tumbo la msusi. "Yale pale. Yako karibu. Yana joto."

Fundi saa akasimama mbele ya mkewe. "Nitakirudisha choo cha zamani. Leo hii. Nitatafuta kama kile."

"Kiu iliyokwisha kutoka nje hairudi tunduni," mganga alisema kwa sauti ya chini. "Inafuata maji. Tuipe njia. Mna akiba gani?"

Walikuwa na mapipa jikoni, maji ya mgao mzima. Fundi saa akaanza kumwaga kutoka mlango wa choo, akipita ukumbini, sebuleni, kuelekea nje, na mganga akafagia yale maji yawe kijito kimoja. Msusi alikaa juu ya kiti, miguu ameipandisha, akatazama sakafu iliyolowa. Nyayo zikaanza kutokea. Zilikuwa nyayo kavu, ndogo kama za mtoto anayejifunza kutembea, kila moja ikinyonya maji pembeni yake kabla ya inayofuata kuonekana.

Zilifika kizingitini, zikasimama. Pipa la mwisho lilikuwa limeisha. Na unyayo mmoja ukageuka, vidole vikamwelekea msusi.

Jikoni kulibaki ndoo ya maji ya kunywa. Msusi aliteremka kwenye kiti, akaibeba mwenyewe na tumbo lake lile, akatokea mlango wa nyuma, akazunguka nyumba na kuimwaga yote kwenye mtaro wa mbele. Maji yakaenda mbio kwa sababu nyumba yao iko juu ya mteremko. Nyuma ya maji hayo, mtaro ukakauka hatua kwa hatua mpaka ulipopotea machoni pake.

Ndani, mamamkwe aliomba kikombe cha maji kwa sauti yake mwenyewe.

"Mtaro huu unaishia wapi?" msusi alimuuliza mganga.

Mganga alikuwa anafunga mkoba wake. "Chini," alisema.

Siku chache baadaye msusi alijifungua salama, mtoto wa kike, mnene, mwenye sauti. Kwenye kitanda cha pili wodini alikuwepo mwanamke kijana aliyelazwa kabla ya wakati wake. Midomo yake ilikuwa imebanduka ngozi. Alisema madaktari hawaelewi. Kila wakimpima, maji yanayomzunguka mtoto yamepungua. Alisema nyumbani kwao hata chungu cha maua hakikai na unyevu.

"Unakaa wapi, mdogo wangu?"

Akamtajia. Ilikuwa kulekule, chini ya mteremko.

Msusi alimweka binti yake kifuani, akasogea ukingoni mwa kitanda, akamweleza yote kwa kunong'ona: mapipa, kijito, kizingiti, mtaro. Yule mwanamke kijana alisikiliza bila kupepesa, na machoni mwake, kwa mara ya kwanza, tumaini likaingia.

"Mume wangu anakuja jioni," alisema. "Nitamwambia amwage kila kitu."

"Mwambie." Msusi alisita. "Na chini ya kwenu, mtaro unapopita, anakaa nani?"

Yule mwanamke kijana alilamba midomo yake iliyobanduka.

"Hakai mtu," alisema. "Ni shule ya chekechea."