Kifo cha Sigara Elfu Mbili

Ijumaa, saa moja asubuhi, katika ghala la kiwanda kimoja cha Pinar del Río, Kuba, marehemu walikutwa wamelala rafuni kwa adabu: sigara nene elfu mbili za kusokotwa kwa mkono, zote zimeota ndevu nyeupe za kuvu.

"Nicanor kaziua kwa maji," alisema bosi Laureano. "Saa kumi jioni arudishe funguo."

Mzee Nicanor, mtunza ghala kwa miaka thelathini na moja, alionyesha vipimo viwili vya unyevu ukutani. "Vyote vinasoma sabini, kama inavyotakiwa."

Odalys, msokotaji, alibonyeza sigara moja. Ilibonyea kama mkate uliochovywa kwenye kahawa. Sabini haifanyi hivyo. Kuna mkono uliogusa skrubu za kurekebishia, nyuma ya vipimo.

Alianza na Fermín, anayewasomea wasokotaji magazeti, kwa kuwa ana bisibisi ndogo ya miwani.

"Inalala ofisini, dada, kila mtu anaiazima. Na vipimo hurekebishwa kwa chumvi; mimi chumvi hata mke wangu hanikabidhi."

Chumvi ndiyo hakimu wa vipimo: ukiilowesha na kuifungia chupani na kipimo, baada ya muda wa saa nane lazima kisome sabini na tano. Saa mbili Odalys akaweka mezani chupa mbili na vile vipimo viwili vya ukutani. "Kila mmoja atengeneze yake. Mzee, kisha bosi."

Nicanor alidondosha maji mpaka chumvi ikawa kama mchanga mbichi. Laureano alimimina mpaka ikayeyuka yote. "Inywe ishibe," alisema.

Siku hiyo Odalys aliharibu sigara tisa kwa kutazama saa. Fermín alisoma habari moja mara tatu; hakuna aliyelalamika.

Saa kumi kamili, Nicanor akaweka funguo mezani. Kipimo cha chupa yake kilisoma sitini na tano. Cha bosi, sabini na tano.

"Changu kizima," alisema Laureano, haraka mno.

"Ndiyo tatizo, bosi," alisema Odalys. "Maji yakizidi hivyo, humo ndani hufika themanini na tano. Vipimo vyote viwili vimerudishwa nyuma kumi, na aliyevirudisha anapika chumvi kama supu: aliona themanini na tano, akadhani vinakosea. Ghalani mzee akaona sitini, akaongeza maji mpaka vikasoma sabini, kumbe ni themanini."

Laureano alikaa. "Nilivirekebisha wiki tatu zilizopita, mzee alipokwenda kung'oa jino. Nilitaka wakaguzi waone tunaweza bila yeye."

"Na leo asubuhi, ulipoona kuvu?"

"Nilijua ni mkono wangu," alisema, akiitazama meza.

Nicanor alirudisha funguo mfukoni, akamsogezea kopo la chumvi.

"Matone kumi, mwanangu. Na uhesabu kwa sauti, Fermín kachoka kusoma."