Boksi Lisilovuja Maji

"Sindano, unanisikia?"

"Nasikia."

"Kuku ametoka bandani. Amepitia Kabezi."

Speciosa, askari aliyeitwa Sindano redioni, alielewa.

Kuku ni chupa kumi na mbili za dawa zilizotoka Bujumbura asubuhi kwenda kliniki ya utafiti ya Rumonge. Gari limesimamishwa Kabezi, dereva kafungwa kamba, mzigo haupo.

"Nani?"

"Lameki."

"Yule wa magendo ya samaki?"

"Huyohuyo. Mnunuzi anamngoja ng'ambo, Kongo. Barafu inaisha saa tisa. Ikiisha, hiyo dawa haina tofauti na maji ya kuoshea sahani. Wahi, binti yangu."

Kamanda Hakimu hakuwa mtu wa kumwita yeyote binti yangu. Hapo Speciosa akajua mambo yameharibika kweli.

Saa saba na robo.

Akaipiga teke pikipiki yake ya TVS, akaondoka Gitaza kuelekea kusini, ziwa likiwa mkono wa kuume, bastola ya Makarov kiunoni, redio ya Motorola shingoni.

Dawa yenyewe si ya kuchezea. Daktari Elda alishamweleza taratibu, naye akaelewa. Chembe hai za mwili hutema vifuko vidogo mno, vidogo hata jicho halivioni. Ndani ya vifuko mna ujumbe wa kuziambia chembe zilizochoka: tulieni, jitengenezeni. Mgonjwa wa kusahau hupuliziwa puani, vikapanda mpaka ubongoni. Je, vinaponya? Hakuna ajuaye bado. Ndiyo maana wanajaribu. Chupa sita zina dawa, sita zina maji ya chumvi matupu, na wala mgonjwa wala daktari hajui ipi ni ipi. Akijua mmoja wao, jaribio limekufa.

Chupa namba saba ilikuwa ya Agata.

Mama yake.

Agata aliyembeba mgongoni wakikimbilia Tanzania, akamlisha yeye kwanza kila siku ya njaa, sasa anamwita "mgeni". Juma lililopita alichemsha sabuni sufuria nzima akidhani ni muhogo.

Hilux nyeupe ya Lameki aliikuta Kizuka, imechomekwa kwenye michikichi. Milango wazi. Ndani hamna mtu.

Nyayo zinateremka ziwani.

Ufukweni mitumbwi yote ilikuwa imelala. Ilikuwa wiki ya mwezi mpevu, na wiki hiyo taa za wavuvi hazina kazi, ndagala, dagaa wa ziwa hili, hawaji. Wanaume huzifungua injini wakazipeleka nyumbani. Mama mmoja tu alikuwa anapeta ndagala wa zamani kwenye ungo. Jina lake Kadidja.

"Amahoro, mama. Umeona mutu na boksi?"

"Nimemuona. Anasema amebeba samaki, mukeke wa kuuza." Kadidja akacheka kwa pua. "Wiki ya mwezi! Mukeke kavua wapi, mu kisima cha nyumbani kwao?"

"Boksi iko namna gani?"

"Boksi ya samaki, ya povu nyeupe, ameizungushia utepe wa skochi mpaka inafanana na maiti. Lakini mwanangu, boksi ya samaki inalia maji njia nzima. Ile hata tone. Na inavimba. Wallahi inavimba kama tumbo la mwenye mimba!"

"Iko wapi?"

Kadidja akaelekeza kwa mdomo. "Si uangalie ni mutumbwi gani uko na injini?"

Mmoja tu. Yamaha arobaini, imeshaanza kunguruma.

Speciosa akakimbia.

Maji ya magotini. Ya kiunoni. Akadaka ukingo wa mtumbwi kwa mikono miwili, ukamkokota, mguu ukapanda, akaangukia ndani. Bastola ikatoka.

"Zima!"

Lameki alizima. Mtumbwi ukaelea, nchi kavu ikiwa mita mia mbili nyuma. Mwanamume mnene, kofia ya Simba, kisu cha kupasulia samaki mkononi, ncha yake juu ya boksi.

"Afande Speciosa. Piga, nami natoboa. Jua hili litakumalizia dawa yote."

"Weka kisu."

"Unajua mimi nakupenda? Ngoja nikuoneshe." Akatoa bahasha ya kaki kifuani, imefungwa kwa lakiri. "Mnunuzi si mjinga, anataka kujua zipi za kweli. Hii ni orodha, ilikuwa garini pamoja na majina ya wagonjwa. Nakala nyingine iko kwenye sanduku la chuma Bujumbura, huifikii. Mama yako namba saba, sivyo? Tuifungue pamoja. Kama kapewa maji, chagua chupa ya kweli. Chukua hata mbili. Mimi nivuke na zilizobaki. Nani atajua?"

Speciosa aliitazama bahasha.

"Mutoto gani anamwachia mama yake maji ya chumvi?"

Mkono wa bastola ukashuka. Kidogo. Kisha kidogo tena. Wazee kumi na mmoja wengine, hakuwajua hata kwa sura. Agata ndiye aliyemjua.

Saa nane na dakika kumi.

Lameki akatabasamu, akainamia boksi.

Puuu!

Mfuniko uliruka kama kofia kwenye upepo, ukamchapa kidevuni, moshi mweupe ukamfunika. Maskini Lameki! Miaka ishirini amesafirisha samaki, na samaki hufungwa skochi pande zote ili baridi isitoke. Ile haikuwa barafu ya samaki. Ilikuwa barafu kavu, isiyoyeyuka kuwa maji, inageuka hewa, na hewa ikikosa mlango huutengeneza.

Speciosa alimrukia. Goti la tumbo. Kitako cha Makarov nyuma ya sikio. Kisu kikazama ziwani. Pingu zikamfunga Lameki kwenye ubao wa kukalia, bado anakohoa.

Lakini barafu ilikuwa imetawanyika mtumbwi mzima!

Kopo la chuma lenye chupa lilikuwa zima, limebingirikia juani. Akalirudisha ndani ya boksi, akaanza kuokota barafu kwa mikono mitupu. Ikamuunguza kama kaa la moto. Ngozi ya vidole ikabaki juu yake. Akaokota. Akalia kwa sauti, akaokota, mpaka boksi likajaa nusu. Mfuniko akauegesha tu, akautandikia koti lake.

"Mlango, nina kuku," akamwambia Kamanda Hakimu redioni. "Nakwenda Rumonge kwa maji."

"Yuko hai?"

"Sijui."

Alishika usukani wa Yamaha kwa viwiko. Bahasha ya lakiri ilikuwa sasa ndani ya shati lake. Njia nzima ilimwasha.

Saa tisa kasoro dakika nne, Daktari Elda aliingiza kipimajoto kwenye kopo palepale mchangani Rumonge. Akakitazama sana.

"Sema, daktari."

"Limevumilia, baridi bado ipo. Mikono yako, Speciosa! Mungu wangu."

"Fanya kazi kwanza."

Kliniki walifunga vidole vyake huku Agata akipuliziwa namba saba puani. Agata akapiga chafya, akamtazama binti yake aliyefungwa bandeji.

"Mgeni, umeumia. Nyumbani kwenu hamna mtu wa kukutunza?"

"Yupo, mama."

Nje, kando ya barabara, mwanamke alikuwa anachemsha mawese kwenye pipa. Speciosa akasimama. Akaitoa bahasha kwa meno, akaiangalia lakiri yake. Ilikuwa nzima. Akaiangalia kwa muda mrefu, mpaka mwanamke wa mawese akaanza kumwonea shaka.

Akainama, akaiachia chini ya pipa.

Moto ukaipokea.

"Ee, dada! Umetupa nini humo?"

"Nimekuongezea kuni."

"Haya, murakoze, asante."

Speciosa akavaa miwani yake ya jua kwa vidole viwili vilivyobaki na nguvu, akavuka barabara.